Msamaha Una Mwenyewe

Hotuba iliyotolewa baada ya sala ya Isha katika kikao cha watu wa mtaa, Langoni, Lamu

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokwea ukutani kwa kuwa viti vimekwisha, ahsanteni kwa kuja. Najua usiku huu kuna mpira. Mtu aliyeacha mpira akaja kumsikiliza karani mstaafu wa mahakama ana haki ya kuambiwa jambo la maana, kwa hiyo sitazunguka.

Swali nililopewa linaulizwa kwenye kila baraza, kuanzia Mkomani hadi hapa Langoni, kila uchaguzi unapokaribia. Kiongozi aliyeaibika, aliyeng'olewa kitini, aliyehukumiwa au aliyefichuliwa, anaweza kusamehewa? Na akija akasema ametubu, apewe nafasi nyingine? Aliyeniomba nizungumze alitaka jibu fupi, ndiyo au la. Jibu langu kwa swali la kwanza ni ndiyo. Kwa la pili nami nina swali langu: nafasi ya kufanya nini?

Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali, na mmeshaanza kuwaona. Watu ambao majina yao miaka michache nyuma hayakutajwa bila mtu kusonya, leo wako safu ya mbele kwenye mazishi, wanachangia paa la madrasa, wanapigwa picha na mayatima. Ukimuuliza mmoja wao kuhusu yale mambo yake, hakwambii "nilifanya" wala hakwambii "sikufanya". Anakwambia, "Sote ni binadamu. Mwenyezi Mungu anasamehe, mimi na wewe ni nani?" Na sisi, kwa kuwa ni watu wa dini na watu wa haya, tunanyamaza. Tunamkaribisha kahawa.

Usiku huu tusinyamaze. Tuyachukue hayo maneno ya dini anayotutupia, tuyasome hadi mwisho.

Hakuna mtoto aliyekaa darasani katika mji huu asiyejua masharti ya toba. Uache dhambi, uijutie, uazimie kutoirudia. Hayo ni matatu, na yanatosha ikiwa dhambi ni baina yako na Mola wako. Lakini ikiwa umechukua haki ya mja, liko sharti la nne: umrudishie haki yake, au yeye mwenyewe akuhalalishie. Hapa ndipo mheshimiwa wetu anaporuka. Yale matatu ya mwanzo anatupa kwa mikono miwili, maana yamo moyoni na hakuna wa kuyapima. La nne, linalopimika kwa shilingi na senti, analipita kimya kimya kama mtu anayepita mlango wa mdai wake.

Mungu anasamehe, naam. Lakini dawa zilizokosekana zahanati zilikuwa za mama aliyevuka maji na mtoto mwenye homa, akafika, akaambiwa akanunue nje. Yule mama ndiye mwenye msamaha. Mimi siwezi kumtolea. Imamu hawezi kumtolea. Mbunge mwenzake aliyesimama jukwaani akasema "tumemsamehe ndugu yetu" alikuwa anagawa mali isiyokuwa yake. Na ninyi mliopiga makofi pale mlikuwa mnashuhudia mtu akitoa sadaka kutoka kwenye mfuko wa jirani.

Sasa nendeni nami hatua moja mbele, kwenye jambo ambalo hatulitaji sana nje ya darasa. Katika Surat an-Nur, aya ya nne na ya tano, limetajwa kosa la mtu anayemsingizia mwanamke mtwahara uzinifu bila kuleta mashahidi wanne. Anapigwa mijeledi themanini, na ushahidi wake haukubaliwi abadan. Kisha inafuata: isipokuwa wale waliotubu baada ya hayo na wakatengeneza. Wanazuoni wakatofautiana. Imamu Abu Hanifa alisema toba inamwondolea ufasiki, lakini ushahidi wake hautakubaliwa tena hadi anaingia kaburini. Imamu wetu Shafii, pamoja na Malik na Ahmad, wakasema akitubu kweli ushahidi wake unarudi.

Mnaona walichokuwa wakibishania? Hawakubishana kama Mungu anasamehe. Hilo wote walikubaliana. Walibishana kama mtu aliyesamehewa na Mungu anarudishiwa neno lake mbele ya kadhi. Karne nyingi kabla hatujawa na Katiba, watu hawa walikuwa wameshatenganisha msamaha na dhamana, wakaviweka katika milango miwili.

Na sisi watu wa Shafii tusijione tumepata njia ya mkato. Madhehebu yetu yanasema aliyetubu hapokewi papo hapo. Anatazamwa kwanza kwa muda, mpaka idhaniwe kuwa toba yake ni ya kweli, na wengi wa wanazuoni wakaukadiria muda huo kuwa mwaka mmoja. Kwa nini mwaka? Kwa sababu mwaka una misimu yake yote, na kila msimu unaiamsha tabia ya mtu kwa namna yake. Watu wa Amu hawahitaji kuelezwa zaidi hapo. Mtu unayemjua wakati wa kaskazi, majahazi yakiingia na pesa ziko, si lazima awe mtu yule yule kusi likichafuka na chungu hakina kitu. Kwa hiyo mtazame kaskazi, mtazame kusi, kisha uzungumze naye habari ya vyeo. Mheshimiwa anaombwa mwaka mmoja tu wa kukaa bila kiti, na hauwezi.

Liko na jambo jingine dogo ambalo mimi, kwa kazi niliyoifanya, nalipenda sana. Kosa likiwa la ulimi, toba yake nayo huwa ya ulimi. Yule aliyemsingizia mwenzake hatosheki na kulia msikitini. Anatakiwa aseme wazi: tuhuma yangu ilikuwa ya uongo, nami ninaijutia, wala sitarudia. Sentensi moja. Hakuna "kama kuna mtu aliyeudhika". Hakuna "maneno yangu yalinukuliwa vibaya". Nimewasikia wakubwa wengi wakiomba radhi redioni, na sijapata kumsikia mmoja aliyeweza kuitamka sentensi hiyo hadi nukta.

Wengi hapa mnakijua kisa cha Kaab bin Malik, mshairi wa Mtume, sala na amani zimshukie, lakini nataka mkitazame kwa jicho la leo. Mwaka wa tisa wa Hijra, safari ya Tabuk, Kaab alibaki nyuma. Hakuwa mgonjwa, hakuwa maskini. Mwenyewe anasimulia kwamba hajapata kuwa na nguvu na nafasi kuliko wakati ule. Jeshi liliporudi, watu wapatao themanini na kitu walikwenda wakaapa, wakatoa nyudhuru zao, Mtume akawakubalia yale ya dhahiri na ya siri akamwachia Mungu. Kaab akafika, akasema: Wallahi sikuwa na udhuru.

Alipata nini kwa kusema kweli? Alipata adhabu. Wale waongo walikwenda majumbani kwao, yeye na wenzake wawili, Murara na Hilal, wakasuswa mji mzima. Hakuna aliyewajibu salamu. Siku hamsini! Sokoni anapita, watu wanageuza nyuso. Binamu yake mpenzi anamtolea salamu, hajibu. Na katikati ya dhiki hiyo akaja mfanyabiashara kutoka Sham na barua ya mfalme wa Ghassan: tumesikia sahibu yako amekutupa, njoo kwetu, tutakuliwaza.

Vijana, mnaicheka kwa sababu mnaijua barua hiyo. Kwetu hapa huja kwa simu, inasema: chama chako kimekudharau, njoo kwetu, tiketi ipo. Kaab aliitia tanurini.

Siku ya hamsini msamaha ulishuka. Aliyemletea habari alimvulia nguo zake mbili, na hakuwa na nyingine siku ile, akaazima za kuvaa. Akaingia msikitini, Talha akainuka mbio kumpa mkono, na Kaab hakumsahau Talha kwa hilo maisha yake yote. Kisha akasema kuwa kutimia kwa toba yake ni kutoa mali yake yote sadaka. Aliambiwa abakishe sehemu, lakini tazameni: ni yeye aliyetaja mali. Hakusubiri kushtakiwa.

Nimeulizwa mara nyingi: basi mtu akishapitia hayo yote, kwa nini tumnyime uongozi? Nitakujibu kwa mtu ambaye hakuwa na doa lolote. Abu Dhar, sahaba wa Mtume, aliomba apewe uongozi. Mtume alimpiga bega, akamwambia: wewe ni dhaifu, na hiyo ni amana, na Siku ya Kiyama itakuwa fedheha na majuto ila kwa aliyeichukua kwa haki yake akatekeleza wajibu wake. Abu Dhar! Mkweli wa wakweli! Alinyimwa cheo na hakunyimwa mapenzi wala heshima. Iwapo mtu safi anaweza kuambiwa "hapa sipo pako" bila kuwa ametukanwa, vipi yule aliyekwishaiba atuambie kuwa tukimnyima kura tumemnyima msamaha?

Nahodha aliyelala usingizi akapandisha jahazi kwenye mwamba na watu ndani, watu wakishampokea na kumsamehe, harudishiwi usukani wiki ijayo. Akiwa kweli anaipenda bahari, atapanda kama baharia, ateke maji, avute kamba, na mwenye chombo atamtazama.

Nitoke sasa nje ya kisiwa, maana jambo hili si letu peke yetu.

Uingereza mwaka 1963 palikuwa na Waziri wa Vita aitwaye John Profumo. Alikuwa na uhusiano na msichana, Christine Keeler, ambaye walipokutana 1961 alikuwa na miaka 19. Machi 1963 Profumo alisimama Bungeni akakana. Juni akakiri kwamba alilidanganya Bunge, akajiuzulu. Kosa lililomwangusha lilikuwa uongo zaidi ya zinaa. Baada ya hapo alikwenda mashariki ya London, mtaa wa maskini, kwenye nyumba ya hisani iitwayo Toynbee Hall, akaanza kwa kazi za chini kabisa, kuosha vyombo. Aliendelea na nyumba ile, kwa kujitolea na kuichangishia fedha, kwa takriban miaka 40. Hakugombea tena kiti chochote. Hakuzunguka kwenye magazeti akijieleza. Mwaka 1975 Malkia akamtunukia nishani, na 1995, katika sherehe ya miaka 70 ya Margaret Thatcher, akaketishwa karibu na Malkia mwenyewe. Alikufa 2006, naye anatajwa kila mahali kama mfano wa mtu aliyejikomboa.

Ni mfano mzuri. Mimi nauheshimu. Ila mtu anayewasimulia habari hii akikomea hapo, mwambieni amalizie. Msichana je? Christine Keeler alifungwa jela mwishoni mwa 1963, kifungo cha miezi tisa, kwa kusema uongo mahakamani katika kesi nyingine iliyohusiana na mambo hayo. Uongo kwa uongo. Mmoja alidanganya Bunge la nchi, mwingine alidanganya mahakama. Mmoja alikuwa waziri mwenye umri wa makamo, mwingine binti asiye na mtu. Jina la kashfa lilimganda yeye hadi alipokufa 2017. Hakupewa Toynbee Hall, hakupewa nishani, na hakuna aliyemkalisha karibu na Malkia. Daktari Stephen Ward, aliyewakutanisha, alijiua kesi yake ikiwa bado inaendelea.

Kwa hiyo nikisikia "jamii yetu ni ya kusamehe", huwa nauliza: nani hasa? Nitalirudia hili, maana lipo hapa kwetu na linaniuma.

Afrika Kusini nako. Adriaan Vlok alikuwa waziri wa sheria na utulivu wa makaburu. Mwaka 1989 mchungaji Frank Chikane alitiliwa sumu katika nguo zake, akaponea chupuchupu. Mwaka 2006 Vlok, mzee sasa, alikwenda ofisini kwa Chikane na beseni, akamwomba amwoshe miguu. Akaiosha. Chikane akamkubalia. Mwaka uliofuata Vlok akasimama mahakamani, akakiri kosa hilo la sumu, akapewa kifungo cha miaka 10 kilichoahirishwa. Walikuwapo waliolia kwa uchungu mwema, na walikuwapo waliosema beseni la maji ni kidogo mno kwa damu ya miaka yote ile. Mimi siwaamulii. Ninachokiona ni kwamba alimwendea mtu. Hakwenda kwenye jukwaa. Alimtafuta aliyemkosea, akapiga magoti mbele ya yule yule, kisha akapokea hukumu.

Kwenye michezo mnazijua habari kuliko mimi. Ben Johnson alishinda mita 100 Seoul 1988 kwa sekunde 9.79, akanyang'anywa medali kwa dawa, akafungiwa miaka miwili, akarudi 1991 watu wakimpigia makofi, na 1993 akakutwa tena. Hapo akafungiwa maisha. Nafasi ya pili alipewa; hakuna wa kulaumiwa ila yeye.

Lakini nataka tukae kidogo kwa binti yetu wa Kenya, Rita Jeptoo. Alishinda marathoni ya Boston 2013 na 2014. Septemba 2014 akakutwa na dawa, akafungiwa, mwisho wake miaka minne, na ushindi wa Boston wa 2014 ukafutwa. Kila tukimzungumzia tunauliza: tumsamehe? Maskini, huenda alipotoshwa. Huenda. Ila nani hapa anamjua Buzunesh Deba? Mnaona, hakuna mkono. Huyo ni Mwethiopia aliyefika wa pili siku ile. Ndiye mshindi. Alitangazwa mshindi miaka miwili baadaye, bila mbio za mwisho, bila taji, bila watu. Na hadi 2024, miaka kumi baada ya mbio, alikuwa bado hajalipwa ile tofauti ya zawadi ya mshindi. Aliyemtolea dola 75,000 mwaka huo alikuwa mtu baki tu, aliyesoma habari zake gazetini akaona haya kwa niaba ya wengine.

Huu ndio ugonjwa wetu katika jambo hili lote. Macho yetu yako kwa aliyeanguka. Tunapima machozi yake, tunamwonea huruma, tunabishana kama ametubu. Aliyeangukiwa hatumkumbuki jina.

Sasa sheria, na hapa nipo nyumbani. Katiba yetu ya 2010, Sura ya Sita, inazungumza na viongozi habari ya maadili. Kifungu cha 75 kinasema aliyeondolewa katika ofisi ya dola kwa kukiuka masharti yaliyotajwa humo hafai kushika ofisi nyingine yoyote ya dola. Soma tena: yoyote. Mike Sonko aling'olewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, akaja Pwani kutaka ugavana wa Mombasa, na Julai 2022 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake. Mlango ukafungwa. Walikuwapo waliomlilia, na sisemi walikosea kumpenda. Mtu anaweza kumpenda aliyekatazwa kiti.

Ila Kifungu cha 99 nacho kinasema mtu hazuiliwi kugombea mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Hiyo ni haki, msiitukane, maana mahakama nazo hukosea na wako waliofungwa kwa fitina. Lakini mimi niliyeshika mafaili najua yanavyotembea. Wakili ana udhuru. Shahidi yuko ng'ambo. Faili halionekani. Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, alishtakiwa 2019, hukumu ikatoka Februari 2025: miaka 12 jela au faini ya shilingi milioni 53.5. Akakata rufaa, kama ilivyo haki yake. Kati ya mashtaka na rufaa ya mwisho uchaguzi mmoja hupita, mara nyingine miwili. Kwa hiyo msiseme "mahakama itatusaidia kuchuja". Mahakama ina mwendo wake. Kura iko mkononi mwenu siku hiyo hiyo.

Na serikali yenyewe je, ikikosea? Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Radhi ilikuwa kubwa, na niliisikiliza redioni nikiwa nimesimama. Miaka ikapita, waathirika wakawa bado wanauliza habari za mfuko. Sisi wa Lamu tuna elimu ya pekee katika somo hilo. Aprili 2018 mahakama iliamua wavuvi wetu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari, wavuvi kiasi cha 4,600. Waulizeni waliomo humu ndani tofauti ya siku ya hukumu na siku ya malipo ni umbali gani.

Nilisema nitarudi kwenye jambo linaloniuma.

Ngome ile pale Mkunguni, ambayo leo wageni wanaingia kwa tiketi, ilikuwa gereza hadi 1984. Wazee wenzangu mnakumbuka. Kijana akiingia mle kwa kuiba mbuzi, akitoka jina lake lilikuwa limeshabadilika, na mtoto wake alikuwa mtoto wa mfungwa. Gereza limehama, tabia hatujaihamisha. Kijana wa leo aliyeiba mashine ya boti kwa sababu ya unga wa kulevya, akafungwa, akaacha unga, akarudi mzima, anasalimu watu hawaitikii. Ni Kaab huyo, ila siku zake hamsini hazina siku ya hamsini na moja. Akiomba kazi anaambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka polisi, na cheti kinatoka na doa. Hata kuchunga boti ya mtu hapewi.

Na yule aliyechukua ya wilaya nzima, arusini tunamwondolea bwana harusi kiti ili akae.

Binti naye. Picha zake zikisambazwa na mvulana aliyemwamini, kesho mji mzima unazo kwenye simu. Binti anahamishwa Mombasa kwa shangazi, asirudi. Mvulana baada ya mwezi mmoja yuko uwanjani anacheza mpira, na tunamshangilia. Msinitazame hivyo. Mnajua nasema nini.

Kwa hiyo nikiulizwa kama jamii yetu iwasamehe wakubwa walioaibika, nasema tuanze chini. Tumpe yule kijana boti aiangalie kwa msimu mmoja. Tumrudishe yule binti, na wale waliozitazama picha zake wawe wa kwanza kumwomba radhi. Tukishaizoea kazi hiyo kwa wasio na cha kutupa, ndipo tutakuwa na mizani ya kumpimia mwenye bahasha. Sasa hivi tunachokiita msamaha kwa mheshimiwa mara nyingi ni bei. Mkono mtupu haulambwi, na wake haujawahi kuja mtupu.

Niko tayari kwa maswali.

*

Swali la kwanza lilitoka kwa kijana mmoja ukutani: Je, mwalimu, kwa hiyo aliyewahi kukosea asigombee kabisa maisha yake yote?

Sikusema hivyo, mwanangu. Ambaye sheria imemfungia, amefungiwa, hatuna la kuongeza. Ambaye sheria haijamfungia, akija kwako na mkutano wake, muulize mambo ya kawaida kabisa. Ulifanya nini, kwa maneno yako mwenyewe? Uliyemdhulumu ni nani, na umeshakwenda kwake? Kilichochukuliwa kiko wapi? Na tangu uondoke kitini ulikuwa unafanya kazi gani ambayo haikuwa na kamera? Akijibu hayo manne bila hasira, msikilize na sera zake kama unavyomsikiliza mwingine. Huenda hata akawa bora kuliko msafi ambaye hajajaribiwa. Lakini akianza na "sote ni binadamu", mpe mkono, mtakie usiku mwema.

Swali la pili liliulizwa na mama mmoja aliyekaa karibu na mlango: Mtu aliyenidhulumu kiwanja cha marehemu mume wangu alikuja Ramadhani kuniomba radhi, na watu wananiambia nikikataa nitapata dhambi. Nifanyeje?

Mama yangu, hao wanaokwambia hivyo, kiwanja hakikuwa chao. Kusamehe ni fadhila, na ukisamehe una malipo yako kwa Mola. Lakini kudai haki yako si dhambi, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kukuharakisha. Huyo bwana, alipokuja kuomba radhi, alikuja na hati?

Hakuja nayo?

Basi arudi nyumbani akaichukue. Nawe kesho asubuhi njoo kwangu na karatasi zote ulizo nazo, hata zilizochanika, tuzitazame kabla hujakwenda kwa kadhi.